Mwenye Nyumba Aonje Kwanza

Kanisa la kigango chetu lilikuwa na upande wa ndani na upande wa ukuta. Ndani walikaa wanawake, watoto, wazee na wanaume wasio na jambo. Ukutani, kwa nje, tulikaa sisi. Tuliegemeza baiskeli, tukaegemea na wenyewe, tukaisikiliza Misa kupitia dirishani kama watu wanaosikiliza mpira kwenye redio ya jirani. Sadaka tulitoa; kikapu kilipitishwa dirishani kikarudi. Nyimbo tuliitikia, na sauti ya pili ilitoka kwetu. Lakini ulipofika wakati wa Komunyo, kila mmoja wetu alikumbuka mnyororo wa baiskeli yake. Tuliinama, tukazungusha pedali, tukafuta vumbi kwenye rimu, mpaka watu wamalize kupokea na kurudi kwenye mabenchi. Sijaona tena baiskeli zilizotunzwa vizuri kama zile.

Kila mtu wa ukutani alikuwa na lake, na adabu ya pale ilikuwa kutoulizana. La kwangu lilikuwa Nemba, wilaya ya Biharamulo. Miaka ile nilikuwa nachuuza mihogo mikavu na maharage. Nilinunua huko ndani kwa wakulima, nikauza Benaco, ambako wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa hata vilima vikabadilika rangi kwa maturubai. Katika kwenda na kurudi nikapata mwenyeji Nemba, mwanamke ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, na yule mwenyeji akawa mke, bila padri wala mshenga. Nyumbani Ngara nilikuwa na mke wa pete, tuliyefungishwa naye ndoa mbele ya altare, na mama yangu alilia siku hiyo kwa furaha. Basi kwa hesabu ya dunia nilikuwa na nyumba mbili. Kwa hesabu ya Kanisa nilikuwa na nyumba moja na dhambi moja, na mwenye hali hiyo hapokei Komunyo mpaka aiache. Mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, ndivyo nilivyo. Hili nalo nililihesabu mara mbili, na mara zote mbili nikajikuta ukutani.

Mke wangu alijua, na alishamaliza kugomba. Mama hakujua. Alikaa mbele kabisa pamoja na vikongwe wenzake, na hakuwahi kugeuza shingo kanisani, maana aliamini kwamba anayetazama nyuma wakati wa Misa amekuja kutafuta watu. Nilimpakia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kila Jumapili, nikamshusha mlangoni, na Misa ikiisha nikampakia tena. Tukifika kwenye mteremko aliniuliza mgongoni, "Umepokea, mwanangu?"

"Tumshukuru Mungu, mama."

Lile halikuwa jibu, lakini halikuwa uongo pia. Ni jibu la sokoni. Mteja anakuuliza kama maharage haya ni ya mwaka huu, nawe unamwambia, hebu yaangalie mwenyewe yanavyong'aa.

Kisha ugonjwa wa kuhara ukaingia. Ulianzia wapi, kila mtu alikuwa na pake pa kulaumu: wa kwetu walisema kambini, wa kambini walisema mtoni, na waliokuwa wanauza maji ya mtoni walisema ni mapenzi ya Mungu. Bwana afya alipita na gari lenye kipaza sauti. Marufuku mnada. Marufuku vilabu vya pombe. Marufuku kula matangani. Marufuku kupeana mikono. Gari lilikuwa limeshatupita, tukadhani amemaliza, ndipo tukasikia kwa mbali: marufuku ibada za hadhara, za dini zote, mpaka itakapotangazwa tena.

Paroko alitii. Mlango wa kanisa ukatiwa kufuli.

Mimi nilifurahi. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wanakufa, nami nilifurahi kwamba Jumapili hiyo sitainamia mnyororo.

Mama hakufurahi. Jumapili ya kwanza alikaa kizingitini tangu alfajiri, amevaa kitenge chake cha kanisani, rozari mkononi, akingoja baiskeli. Nilimweleza habari za gari na kipaza sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na Bwana naye amekatazwa?" Jumapili iliyofuata alikaa tena pale pale, na iliyofuata pia. Hakuwa na ugonjwa ule. Alikuwa na uzee, miguu imevimba, pumzi fupi, na uzee ule ulikuwa unajikokota kutoka Jumapili hadi Jumapili. Jumapili zilipoondolewa, ukakosa pa kushika. Akaanza kuacha chakula. Akaacha kutoka kuota jua. Jioni moja aliniita kitandani kwake, akaniambia kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Mwanangu, mimi safari yangu iko karibu. Usikubali niondoke na njaa."

Nilielewa ni njaa gani. Kesho yake nikapanda baiskeli kwenda kwa katekista.

Katekista wetu tulimwita mwalimu, na kwa upande wangu alikuwa mwalimu kweli, maana ndiye aliyenifundisha katekisimu kabla sijatoa meno yote ya ukubwa. Alikuwa na ruhusa ya kugawa Ekaristi, na wakati ule paroko alimruhusu awapelekee wazee na wagonjwa majumbani, nyumba moja moja, bila kukusanya watu. Na wa nyumba hiyo walio tayari wangepokea pamoja na mgonjwa. Habari za Nemba alizijua. Aliwahi kuniuliza faraghani, nami nikamjibu kisokoni, akaniacha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa huko huko, usinipe mkono."

Nikamweleza habari za mama. Akakubali kuja Jumapili. Akanitajia vitu vya kuandaa: meza, kitambaa cheupe, mshumaa, maji ya dawa ya kunawa.

"Na wewe?"

"Mimi nitashika maji."

Akanitazama. "Haya. Shika maji."

Nilirudi nyumbani napiga mluzi. Maji yangekuwa nje ya mlango, na mwenye kushika maji hukaa nayo. Nilikuwa nimejipatia ukuta mwingine, tena nyumbani kwangu.

Sasa kuna desturi moja ya kwetu ambayo niliisahau katika mipango yangu, nami ndiye niliyekuwa naitekeleza kila siku. Kwetu Ngara, na kwa majirani zetu wa ng'ambo pia, mtu hapewi kinywaji nyumbani kwa watu kabla mwenye nyumba hajaonja. Huvuta mrija mara moja, anameza mbele ya macho ya mgeni, ndipo anampa kibuyu. Siku hizi ni adabu tu kama kupiga hodi, ingawa adabu hiyo ilizaliwa na hofu ya sumu. Mama alikuwa mkali sana hapo. Kaka yake alikufa kijana baada ya kunywa mahali fulani, na ukoo ulishakubaliana kwamba kibuyu kile hakikuonjwa. Ugonjwa ulipoingia, ukali ukazidi. Hakugusa uji wa mke wangu mpaka mimi mwenye nyumba nichote kijiko cha kwanza. Niliuonja uji, nikaonja maji, nikaonja mchuzi wa dagaa. Walipomletea vidonge vya miguu akanitazama, nikamwambia mama, hapa unanionea.

Na kazi ile niliipenda. Kila kikombe kilipopitia kwangu nilijiona mwanaume wa boma.

Jumapili ikafika. Mke wangu alikuwa amepiga pasi shuka jeupe, akalitandika juu ya meza, akaweka mshumaa na msalaba. Mama alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, kitenge kile kile. Mimi nilisimama nje ya mlango na ndoo, kopo na beseni. Mwalimu alikuja kwa miguu, anasukuma baiskeli kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuweka kifuani juu ya koti. Kwetu mtu akipita bila kusalimu amekutukana. Lakini mwalimu akipita kimya namna ile tulijua amebeba nini, wanawake wakapiga magoti kando ya njia na wanaume wakavua kofia. Nilivua yangu. Nikammwagia maji ya dawa, akanawa polepole, kucha moja moja, akaingia.

Nilisikia sala zinaanza. Nikasikia sauti ya mama, nyembamba, ikiitikia bila kukosea. Wakafika yale maneno ya kumwambia Bwana kwamba hatustahili aingie kwetu, nami nikaangalia ndani ya beseni, ambako hakukuwa na la kuangalia. Baada ya hapo ilipaswa kuwa kimya kifupi.

Kimya kikarefuka.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Yuko nje, mama," mwalimu akasema. "Ameshika maji."

"Aje aonje."

"Mama, hiki si kibuyu cha pombe. Huyu ni Bwana."

"Najua ni Bwana, mwalimu. Nilianza kumpokea wewe hujaota ndevu. Bwana simwogopi. Naogopa mikono. Si mnatangaza wenyewe kwamba ugonjwa unapita mikononi?"

"Nimenawa. Mwanao mwenyewe kanimwagia maji."

"Kanisani padri anakula kwanza, namwona, ndipo nasi tunapewa. Hapa amekula nani?"

"Nimekula mimi, mama. Asubuhi, kule parokiani."

"Sasa ulichokionja kwako, mwalimu, unakujaje kuniambia kwangu?"

Nilimsikia mke wangu akikohoa kile kikohozi cha mtu anayekizuia kicheko. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka. Kisha mama akapaza sauti: "Mwanangu! Njoo uonje basi, mwalimu anachoka mkono." Kicheko kikaniishia tumboni.

Mwalimu alifunga kile kikopo kidogo cha dhahabu kinachobeba hostia, ule mkate wa Komunyo, akakirudisha kifuani, akatoka. Alinipita mlangoni, akanipa ishara kwa kichwa. Tukazunguka nyumba, tukasimama chini ya migomba nyuma ya ukuta. Nilikuwa bado nimeshika kopo.

"Umesikia," akasema.

"Nimesikia."

"Ingia umwambie mama yako kwamba hupokei. Mwambie kwa upole. Akishajua, ataelewa aonje nani au asionje mtu."

Hapo ningesema ndiyo, haya yasingeandikwa. Lakini mimi nikipewa bei, hata iwe nzuri namna gani, ulimi unajongea wenyewe.

"Mwalimu, tufanye hivi. Huna humo hata moja ambayo haijabarikiwa? Mimi nile hiyo, mama apewe ya kweli."

"Unataka nimdanganye kikongwe, na Bwana akiwa hapa kifuani kwangu?"

"Si kumdanganya. Ni kumtuliza."

"Hapana."

"Basi unimegee. Kidogo tu, kama punje ya ulezi. Hata dhambi itakuwa ndogo."

"Kipande ni Bwana mzima. Nilikufundisha hilo ukiwa huna viatu, na ulilijibu vizuri mbele ya padri."

"Basi niungamishe. Hapa hapa."

"Mimi si padri."

"Lakini unakaribia."

Hakucheka. Aliangalia njia, akaangalia jua, kama mtu anayepima jambo, kisha akanigeukia. "Sikiliza. Niambie neno moja tu, kwamba yule wa Nemba umemwacha, leo. Napanda baiskeli sasa hivi hadi parokiani, namleta paroko mwenyewe, akuungamishe chini ya mgomba huu. Unaingia ndani unaonja, mama anakula. Atangoja mchana kutwa, namjua. Hilo neno unalo?"

Ilikuwa bei ya haki. Katika maisha yangu yote ya biashara sijatajiwa bei iliyo wazi vile. Nikaipindua kichwani mara moja, nikaipindua tena. Kule Nemba kulikuwa na mtoto aliyeanza kusimama kwa kushika ukuta. Kulikuwa na mwanamke ambaye hakuwa amenikosea. Na hapa, nyuma ya ukuta huu, kulikuwa na mama mwenye njaa. Mtu mwingine angesema ndiyo akatimiza. Mwingine angesema hapana akaingia ndani akaeleza. Mimi nikasema lile ninalolisema mnadani nikiwa sitaki kununua na sitaki kuondoka.

"Mwalimu, nipunguzie kidogo."

"Nikupunguzie nini?"

"Muda. Nitamwacha baada ya mavuno."

"Mavuno yapi? Wewe Nemba una shamba?"

Sikuwa na shamba, naye alijua. Nikafungua mdomo kutaja tarehe ya karibu zaidi, na hapo nikamsikia mama akikohoa.

Alikohoa karibu sana, kama amesimama begani kwangu. Nyumba yetu haikuwa na dari. Kuta za matofali mabichi ziliishia kabla ya kufika kwenye bati, na katikati palikuwa na uwazi wa kupitisha moshi. Chini ya uwazi huo, kwa ndani, ndipo kilipokuwa kitanda cha mama, na pembeni yake kiti. Nilikuwa nimeijenga nyumba hiyo mwenyewe. Nilijua kila tofali lilipo. Alikuwa amesikia yote, hostia isiyobarikiwa, punje ya ulezi, Nemba na mavuno.

Nimeshawahi kufumaniwa na mzani mbovu, nikazomewa na soko zima, nikaenda nyumbani nikala ugali na kulala. Siku ile ilikuwa tofauti. Kuwa na wanawake wawili si jambo lililoniangusha. Wenzangu wa ukutani wengi wangenipa kampani. Kilichoniangusha ni kwamba mama aliniomba chakula, nami akanisikia nikitafuta nafuu. Masikio yakawaka moto. Nikaangalia kopo mkononi, nikaona maji yote yameshamwagika kwenye viatu vyangu.

"Twende ndani," mwalimu akasema polepole. Alikuwa amekisikia kikohozi naye.

Tuliingia. Nilisimama karibu na mlango. Mama hakunitazama kwa hasira. Hakunitazama kabisa. Alikuwa amemgeukia mke wangu, aliyepiga magoti kando ya meza.

"Wewe, binti. Huwa unapokea?"

"Napokea, mama."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, mama."

"Basi mwenye nyumba ni wewe. Onja."

Mke wangu akageuka kunitazama. Laiti angenitazama kwa ushindi, ningejua pa kuweka uso. Alinitazama kama anavyonitazama mgeni akija ghafla na hajui kama nimemwalika, akiomba ruhusa. Nikainamisha kichwa. Akatandaza kiganja, kwa kuwa wakati ule kupokea mdomoni kulikatazwa, mwalimu akamwekea, akala. Mama alimkazia macho mdomoni mpaka ameze, vile vile anavyomtazama mtu na mrija. Alipoona amemeza, naye akakunjua viganja vyake viwili, kimoja juu ya kingine.

Akapokea. Akafumba macho. Kuku aliingia akatembea mpaka chini ya meza, na hakuna aliyemfukuza.

Sala zilipokwisha aliomba maji. Hapo nikaona nafasi yangu. Nikachota kikombe, nikanywa funda moja kwa mazoea, nikampelekea kwa mikono miwili. Akakisukuma kando kwa nyuma ya mkono, taratibu, bila kumwaga hata tone.

"Namngoja mwenye nyumba," akasema.

Mke wangu akanipokea kikombe, akaonja, akampa mama, naye akanywa mpaka chini.

Habari za Nemba mama hakuzitaja siku ile wala siku nyingine. Ningependa angezitaja. Ningejitetea, tungegombana, ningetoa hoja, na mimi hoja huwa sikosi. Alichofanya ni kubadilisha utaratibu wa nyumba, basi. Uji ulionjwa na mke wangu, na mchuzi pia. Mwalimu alikuja kila Jumapili, nami nikammwagia maji mlangoni, na hatukuongea habari za bei tena. Watoto walizoea upesi kuliko sisi wakubwa. Nikiwatuma ndani kuchukua kitu waliuliza kwa sauti, bila ubaya, "Tumwombe mwenye nyumba?" Na mama alianza kula tena. Hilo ndilo lililonifunga mdomo: alianza kula, akatoka kuota jua, akawa anataka hata kusikia habari za majirani. Njaa yake ilikuwa imeshughulikiwa, na sikuwa mimi niliyeishughulikia.

Marufuku ilipolegezwa na barabara zikafunguka, nilikwenda Nemba. Nilipokewa vizuri. Mwenyeji wangu aliniwekea kibuyu cha pombe ya ndizi, akakiinamisha kwangu na mrija wake, maana pale pia mwenye nyumba nilikuwa mimi. Nikakishika. Nikakitazama.

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

Akacheka mpaka akaketi chini. "Unaogopa nimekuroga leo? Siku zote ulikuwa wapi?"

Nikacheka naye, lakini sikuonja. Mwishowe aliacha kucheka, akaonja yeye, akanipa, akashinda jioni yote akinichungulia. Sikumwacha mwaka ule. Nalisema kwa kuwa najua msomaji atauliza. Yaliyofuata kati yetu ni habari yake kama ilivyo yangu, na si haki niiandike mwenyewe.

Kanisa lilifunguliwa. Nilimpakia mama kwenye baiskeli, nikamshusha mlangoni, nikaenda ukutani. Wenzangu walikuwepo wote, isipokuwa mmoja ambaye ugonjwa ulimchukua, na nafasi yake ukutani tuliiacha wazi. Tuliinama wakati wetu ulipofika. Baiskeli zilikuwa na kutu.

Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye mteremko, nilijiandaa. Nilikuwa nimelitayarisha jibu, tena safari hii lilikuwa jibu la kweli. Nilingoja swali. Tukashuka mteremko, tukavuka kijito, tukapandisha kwa miguu. Mama aliongea habari za kwaya, akaongea habari za bati la kanisa linalovuja. Lile swali hakuniuliza, siku hiyo wala Jumapili nyingine yoyote mpaka alipofariki.

Alifariki wakati wa mvua, kitandani, amepakwa mafuta, amekomunika siku iliyotangulia baada ya mke wangu. Hakuondoka na njaa. Siku ya mazishi Misa ilifanyika kanisani, na mfiwa mkubwa huwekwa benchi la mbele, hana ukuta wala baiskeli. Wakati wa Komunyo ulipofika benchi zima likasimama. Nilikunja magoti pembeni ili mke wangu na dada zangu wapite, wakaenda, nikabaki peke yangu na jeneza, na kanisa lote nyuma yangu. Nilikaa vile vile nimekunja magoti mpaka walipoanza kurudi.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikuja na pombe. Tulikaa uani, wazee mbele. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeshika kibuyu kikubwa cha kufungulia, akasimama, akasema mema ya marehemu, watu wakaitikia. Kisha akageukia upande wetu.

"Mwenye nyumba, onja tunywe."

Nilikuwa nimevaa koti jeusi na kofia. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka, umefika katikati, ndipo nilipoona kwamba kibuyu hakiji kwangu. Kilikuwa kimenipita begani. Sikujua habari zilitoka lini nyumbani kwangu zikafika kwa wazee. Labda watoto, labda marehemu mwenyewe. Baba mdogo hakuwa anafanya mzaha. Alikiinamisha kibuyu mbele ya mke wangu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Mkono wangu ulikuwa bado uko hewani, na watu wote wa ukutani walikuwa wamekaa pale mbele yangu. Niliupandisha juu, nikaiweka sawa kofia ambayo haikuwa imepinda. Mke wangu akavuta mrija mara moja, akameza mbele ya macho yetu sote. Nikakaa nikingoja zamu yangu.